Vitufe Nilivyovipanga Mwenyewe

Kipanya cha kompyuta ya ofisini kwetu kilikufa mwezi wa Julai, na Julai ya Mbulu hata mtu mzima anatamani kufa kidogo. Ukungu unashuka mpaka mlangoni, vidole vinakakamaa, chai inapoa kabla hujamaliza kuikoroga. Kilikuwa cha ile aina ya zamani yenye gololi tumboni, na gololi ilikuwa imekula vumbi la miaka. Nilikifungua, nikakisafisha kwa spiriti, nikakipuliza, nikakitukana. Mshale kwenye kioo ukabaki palepale ulipofia, katikati ya hesabu ya mbuzi wa kata ya Bashay.

Mtunza stoo akaniambia niandike maombi ya kipya. Nikaandika. Akaniambia niandike tena, safari hii yapitie kwa mkuu wa ofisi, halafu yarudi kwake, halafu yasubiri fungu. Hapo nikajua nimekwisha.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga wakati huo. Taarifa ambazo zamani zilikwenda Arusha sasa zilikwenda Babati, na wa Babati walitaka kila kitu kwa mpangilio wao mpya, mazao na mifugo, kata kwa kata, kila mwezi. Mabwana shamba walikuja na karatasi zao zimekunjwa mfukoni, nyingine zinanuka maziwa. Mmoja kaandika mahindi kwa magunia, mwingine kwa madebe, na mmoja, Mungu amrehemu, kaandika “mengi kiasi”. Mimi ndiye niliyekaa mbele ya mashine kuyageuza yote hayo yawe jedwali moja la kueleweka. Sikuwa mwenyeji. Kwetu ni Kilosa, nilipangiwa huku na serikali, na kama mtumishi yeyote nilibeba begi langu nikaja.

Na nilikuwa na haraka. Hilo liwekwe wazi mapema, maana bila hilo habari yote hii inakuwa ya mashine tu, na mashine mimi sizipendi kiasi hicho. Nilikuwa na mtoto wa kike, na mtoto huyo alikuwa Kilosa kwa mama yangu. Baba yake tulishaachana kabla mtoto hajaota meno. Nilijaribu kukaa naye Mbulu. Baridi ilipoingia kifua kilimbana, akawa anahema kama mzee, midomo inabadilika rangi, mpaka daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba mtoto mwenye pumu ya namna hii simtakii mema nikimweka hapa. Nikampeleka kwenye joto. Akapona, akanenepa, akazoea. Mimi nikabaki na baridi yangu.

Juni ile, shule zilipofungwa, nilikwenda kumwona kama nilivyofanya kila likizo. Alikuwa amefikisha umri wa kuanza darasa la kwanza mwezi wa kwanza unaofuata, na habari hiyo alikuwa anamsimulia kila anayepita njiani. Akaniuliza nani atampeleka siku ya kwanza, maana watoto wa jirani wote wanapelekwa na mama zao. Nikamwambia mimi. Akaniuliza tena, kana kwamba hakusikia. Nikamwambia mimi, mama yako, nitakushika mkono mpaka mlangoni. Niliposema vile nilikuwa nimeshaamua: narudi Mbulu, naomba uhamisho wa kwenda Kilosa au popote karibu na Kilosa, na Januari inanikuta nyumbani.

Kwa hiyo kipanya kilipokufa sikuwa na muda wa kusubiri fungu. Nikaanza kuendesha ile programu ya majedwali kwa kibodi peke yake. Inawezekana, lakini ni adhabu. Unafungua menyu kwa kitufe, unashuka kwa mishale, unaingia menyu ya ndani, unashuka tena, unabonyeza, umekosea mstari, unaanza upya. Kupanga kata kwa alfabeti tu, hadi nimalize nilikuwa nimeshasema maneno ambayo mama yangu hakunifundisha.

Siku moja nikiwa nashuka hivyo kwa hasira, nikapitiliza mpaka chini kabisa ya menyu ya zana, mahali ambapo hakuna mtu wa ofisi yetu aliyewahi kufika. Pana amri ya mwisho pale, inayosema urekebishe utakavyo. Nikaingia. Ukafunguka ukurasa mdogo: juu umeorodheshwa vitufe vyote vya kibodi, chini kushoto makundi ya amri, kulia amri zenyewe, kila kilichomo kwenye menyu. Unachagua kitufe, unachagua amri, unabonyeza “badilisha”, na kuanzia hapo kitufe kile ni mtumwa wa amri ile. Nilisoma mara ya pili. Wee! Ina maana hii safari yote ya kupanda na kushuka ningeweza kuifunga kwenye kidole kimoja?

Mchana ule sikwenda kula. Nilivipanga vitufe kama mtu anayepanga vyombo kwenye jiko lake jipya. F1, kitufe cha kuomba msaada, nikakipa kazi ya kupanga kata kwa alfabeti, maana katika ofisi ile sikuwahi kuona mtu akiomba msaada akapewa. F7 ilikuwa ya kusahihisha tahajia ya Kiingereza, na kazi yake yote ilikuwa kulipigia mstari mwekundu jina la Endagikot kana kwamba Endagikot ndiyo iliyokosea. Nikaipa kuficha mistari isiyo na takwimu. Nyingine nikaipa kugandisha kile kichwa cha jedwali kisipotee unaposhuka, nyingine kujumlisha kwa kata, nyingine kuchagua eneo la kuchapa. Kila kilichonitesa kwenye menyu nikakipa kitufe. Nilipomaliza nilijaribu kuanzia mwanzo, na kazi iliyokuwa ikinila siku nzima ikateremka kama uji. Nilicheka peke yangu. Nilijiona mjanja, na raha ile siikani hata leo.

Taarifa ya mwezi ule ilifika Babati kabla ya wilaya nyingine zote. Mwezi uliofuata vilevile. Mkuu wetu wa ofisi akapigiwa simu ya pongezi, na ndiyo ikawa msiba wangu.

Alikuwa mzee wa Mbulu hapahapa, mpole, amebakiza muda mfupi astaafu, anavaa sweta la kijani chini ya koti hata jua likiwaka. Ukimwamkia shikamoo anasimama kwanza ndipo aitikie marahaba, halafu anauliza habari za mama yako, za mtoto, za mvua ya kwenu. Sijawahi kufanya kazi chini ya mtu mwema kuliko yule. Ningempata mkali ningejua pa kumshika. Yeye akaanza kuleta wageni wasimame nyuma ya kiti changu, anasema, “Binti, wabonyezee.” Nabonyeza, kata zinajipanga, wageni wanaguna. Anatabasamu kana kwamba vidole ni vyake.

Wenzangu nao wakaiogopa mashine. Mtu akiikalia anabonyeza kitufe alichofundishwa kozini, badala ya kusahihisha neno nusu ya jedwali inatoweka. Wanapiga kelele, wanainuka, wanasema imeingiliwa. Nikawa naitwa. Nipo sokoni, naitwa. Nimekwenda kliniki, naitwa. Siku ya gulio nimekaa zangu nakula nyama, mhudumu anakuja anahema: dada, mashine yako imeficha Bashay yote. Mashine yangu! Tangu lini imekuwa yangu? Lakini hata mimi nilishaanza kuiita hivyo.

Agosti nikaandika barua ya uhamisho. Ilitakiwa ipitie kwa mkuu wa ofisi, naye aandike kama ananiruhusu na kama yupo wa kushika kazi yangu. Nikaipeleka mwenyewe, nikaamkia, nikakaa. Aliisoma taratibu, akaikunja, akaniuliza kuhusu kifua cha mtoto, akasikitika kweli, mpaka macho yakabadilika. Halafu akasema, “Sasa mwanangu, ukiondoka nani atabonyeza?” Nikamwambia mzee, mtu yeyote anaweza. Akaniambia yeyote huyo ameshamwona, ameficha Bashay.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilirudi mezani kwangu nikatazama vile vitufe nikatamani kuving'oa kimoja kimoja kwa bisibisi.

Wiki iliyofuata akanipa ng'ombe. Lazima nieleze, maana mtu wa kwetu ukimwambia atafikiri nilipata bahati. Wenyeji wa huku mtu hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Mmoja anamweka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji upande wa pili wa bonde. Ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Maziwa na mbolea ni vya anayemtunza. Ugonjwa ukiingia boma moja, hawaishi wote. Lakini wenyewe watakwambia jambo hilo si la mifugo tu. Ukishashika ng'ombe wa mtu, mmeshikana. Unakwenda kwake kwenye msiba, anakuja kwako kwenye ugonjwa, na kumrudisha ng'ombe bila sababu ni kumwambia mwenzako kwamba hutaki tena kujuana naye. Mimi niliyajua hayo siku ile anamleta? Nilijua kwamba napewa maziwa. Mama mwenye nyumba niliyopanga ndiye aliyepiga vigelegele, akaniambia, “Sasa wewe ni wa hapa. Mtu hampi ng'ombe mpita njia.”

Nilikunywa maziwa yale, mazito, matamu, na kila kikombe kilinishuka kwa shida. Nilimpigia mama simu. Ilikuwa ni mpaka upande kwenye kilima nyuma ya mji ndipo mtandao ushike, unasimama na simu juu kama unachuma tunda. Mama akafurahi sana kusikia nimepewa ng'ombe. Mtoto akaomba aongee, akaniuliza ng'ombe ana rangi gani, halafu akaniuliza kama bado ninakuja kumpeleka shule. Nikamwambia bado.

Kwa kuwa shida ilikuwa ni nani atabonyeza, nikaamua kumtengeneza mtu wa kubonyeza. Kulikuwa na dada mmoja, ameajiriwa karibuni, kwao Nangwa, upande wa Hanang kule. Mcheshi, mwepesi, hana woga wa kitu. Nikamweka pembeni yangu Septemba nzima. Nilikuwa mwalimu mbaya, sina subira. Akikosea nilimpiga kofi mkononi, naye ananicheka, ananiambia dada, hata ng'ombe wako humkamui kwa hasira namna hii. Alijifunza kwa kutazama vidole vyangu. Hakuandika hata neno. Mwisho wa Oktoba alikuwa ananishinda kasi, anapanga, anaficha, anajumlisha huku ananisimulia harusi ya binamu yake. Mzee alisimama nyuma yetu akatazama, akanipiga bega. Akasema nikimaliza taarifa ya robo ile, atasaini.

Mniamini nikisema nilianza kufunga vitu. Nililipeleka godoro langu kwa jirani anitafutie mnunuzi. Nilinunua Mbulu mjini soksi nyeupe za shule na kalamu zenye kifutio, nikaviweka chini kabisa ya begi visipotee.

Halafu wakaja wakubwa kutoka Babati, kutazama jinsi wilaya yetu inavyowahi. Mzee, kwa furaha yake, akatuonyesha wote wawili. Nilimwambia dada akae yeye kitini, ili waone kwamba mbadala wangu yupo na anaweza. Nilitaka walione hilo kwa macho yao. Waliliona vizuri mno. Alibonyeza mpaka mkubwa mmoja akavua miwani. Hazikupita siku nyingi ikaja barua kwamba dada yule anahitajika mkoani, aripoti mara moja. Yeye mwenyewe alilia na kucheka kwa pamoja, Babati si mbali na Nangwa, nani angekataa? Akanikumbatia, akaniambia kila alichonacho ni changu. Nilimshonea kitenge. Sikuwa na hasira naye hata chembe, na hiyo nayo iliniudhi.

Nikaingia kwa mzee. Nilisahau hata kuamkia, jambo ambalo huku ni sawa na kumtemea mtu mate. Akaniacha nitulie, akanisogezea kiti. Akaniambia anasikitika, hata yeye amenyang'anywa mtu, lakini sisi tusikate tamaa, mtu aliyefundisha mmoja anashindwa kufundisha mwingine? Mwakani tutampata. Nikamuuliza mwakani lini. Akafungua mikono.

Nilikwenda nikakaa nyuma ya jengo kwenye mawe, upande wa jua, nikalia kwa kelele. Mhudumu alipita na ndoo akageuka njia. Nilikuwa nimefungwa, na kamba niliisokota mimi. Kila nilichokifanya niwahi kwenda, ndicho kilichokuwa kinasema nibaki. Ningefundisha wa pili, angechukuliwa. Ningekuwa mvivu, jina langu lingekwenda na barua yangu popote. Ningeacha kazi, mtoto na bibi yake wangekula nini, soksi?

Mwanzo wa Desemba, asubuhi, ofisi imejaa, nilimwomba mzee aje asimame nyuma ya kiti changu kama anavyopenda. Akaja anatabasamu, akafikiri kuna jipya. Nikaingia kwenye menyu ya zana, nikashuka mpaka chini, nikafungua ule ukurasa wa vitufe. Kuna kitufe kimoja pale pembeni cha kurudisha kila kitu kilivyokuwa mwanzo. Zile amri zote nilizozipanga mchana ule wa njaa, nilizipenda. Nikabonyeza. Ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza tena.

“Umefanya nini?” mzee akauliza.

“Nimeirudisha ilivyotoka kiwandani, mzee. Sasa yeyote aliyesoma kozi anaweza kuikalia. Mimi na mwingine tuko sawa.”

Nikabonyeza F1 wote waone. Ukafunguka ule ukurasa wa msaada, kwa Kiingereza, mrefu, usiomsaidia mtu. Mzee alitazama kioo, na nilichokiona usoni kwake hakikuwa hasira. Ni kama mtu aliyekuta mlango wake umefungwa kwa ndani.

“Na taarifa ya mwaka?” akauliza.

Jamani. Taarifa ya mwaka. Nilikuwa nimewaza kutoka tu, sikuwaza kilichosimama mlangoni. Taarifa ile ni miezi yote, kata zote, mazao yote na kila mnyama mwenye kwato, na ilitakiwa kabla hatujafungua mwaka. Kwa vitufe vyangu ningeimaliza nikafika Kilosa Krismasi. Kwa menyu, bila kipanya, ni kupanda na kushuka mpaka macho yatoke.

Hakupaza sauti. Alisema bwana mmoja wa masjala, aliyesoma kozi, atakaa pembeni yangu kuanzia siku ile aishike kazi. Mimi nitaimaliza taarifa ya mwaka naye akitazama, kwa njia ambayo kila mtu anaijua, na nikiimaliza atasaini barua yangu. Likizo ya Desemba hakuna. Ilikuwa haki, hata sikuwa na la kubisha. Maji nilishayavulia nguo.

Bwana wa masjala alikuwa mtu mtaratibu, anachonga penseli yake kwanza kila asubuhi ingawa hatukuandika kwa penseli. Mara nyingi nilifikiri kuvirudisha vile vitufe kimyakimya. Ni kazi ya mchana mmoja. Lakini angekuwa anatazama, na angejifunza vidole vyangu badala ya menyu, na tungerudi kulekule kwa nani atabonyeza. Kwa hiyo nilipanda na kushuka. Fungua menyu, shuka, ingia, shuka, bonyeza. Bashay, Endagikot, kata baada ya kata, na kila nilipofika chini ya menyu ya zana nilipita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtu aliyemwacha.

Katikati ya mwezi mtunza stoo akaingia ameshika kiboksi kidogo kwa mikono miwili kama mtu aliyeleta sadaka. Kipanya kipya. Nilitaka kumbusu. Tukageuza mashine, tukatafuta pa kuchomeka: ncha yake bapa, tundu letu la duara. Bwana wa masjala akajaribu kukisukuma hivyo hivyo. Nikacheka mpaka nikaumwa ubavu, halafu kicheko kikageuka, nikaomba ruhusa nitoke nje.

Krismasi ilipita. Mama mwenye nyumba aliniletea makande na nyama, majirani wakanialika, nilikula kwa kila mtu, nikatabasamu kwa kila mtu. Mwaka ukafunguka na taarifa bado haijakwisha. Siku shule zilipofunguliwa nilikuwa kwenye mahindi ya kata za mwisho. Mchana nilipanda kilimani nikampigia mama. Akaniambia kila kitu kimekwenda salama. Alimwogesha, akampaka mafuta, akampeleka mpaka mlangoni, akamkabidhi kwa mwalimu.

“Hakulia?” nikauliza.

“Alie kwa nini?” mama akasema. “Si alikuwa na mimi.”

Hakusema kwa ubaya. Mama yangu hana ubaya. Alikuwa ananiondolea wasiwasi. Nilimshukuru, nikakata, nikabaki pale kilimani na upepo mpaka kucha zikawa za buluu, kisha nikashuka kumalizia mahindi.

Taarifa ilipokwisha, mzee alisaini siku hiyohiyo kama alivyoahidi. Alisimama aliponipa barua, mimi nikasimama, tukawa tumesimama wote wawili hatujui la kufanya na mikono yetu. Akasema, “Binti, mimi nilidhani umeshafika.” Niliona jibu lote, kwamba mzee, hapa ni pazuri na nyie ni watu wazuri na ndiyo maana mlikuwa mnaniua. Nikasema tu ahsante. Ukimwambia mwema kwamba wema wake umekuumiza, utamwachia nini?

Nilimrudisha ng'ombe mwenyewe, kwa miguu, mpaka kwake upande wa Endagikot, yeye mbele mimi nyuma, kila tuliyekutana naye akimtambua ng'ombe na kunitazama mimi. Mke wa mzee alitupokea uani. Nikamwamkia, akaitikia, akampapasa ng'ombe shingoni. Akaniuliza ng'ombe amenikosea nini. Nikamweleza habari za mtoto, kifua, darasa la kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na maziwa ya safari kwenye kibuyu. Alinisindikiza mpaka njia panda bila kusema neno, na hiyo kwao, nilikuja kuambiwa, ndiyo namna ya kusamehe.

Safari ni siku mbili, Arusha unalala, Morogoro unabadilisha gari. Kilosa niliingia mchana na joto lake lile zito, nikavua sweta stendi palepale nikampa mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi. Alishangaa, sweta Kilosa la nini. Mama alinikuta nimekaa kizingitini na mizigo yangu yote. Tulishikana, tukalia, tukachemsha chai, nikatoa zile soksi nikaziweka juu ya kitanda zionekane.

Mtoto alirudi kutoka shule saa ya chakula, amevaa sare, ameshika fagio la shule, magoti yamejaa vumbi. Alikuwa amerefuka. Alisimama uani akanitazama, akasema shikamoo mama, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Nikamwitikia. Nikafungua mikono. Akatazama begi langu kubwa, ndoo, godoro lililokosa mnunuzi, akatazama sare yake mwenyewe, na uso ukamkunjamana kama wa mtu aliyeingia darasa lisilo lake.

“Kwani shule zimefungwa?” akauliza.

Nikamwambia hapana mwanangu, hazijafungwa, nimekuja tu, nimekuja kukaa. Akageuka kumtazama bibi yake, ili amwambie kama ni kweli.